IST inagonga mbele kushoto kwenye barabara ya vumbi, fundi anasema shokapu, nianzie wapi?

mkazi_wa_goba

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hii kelele inaninyima raha kabisa ya kuendesha gari yangu. Gari ni Toyota IST ile ya kwanza, ya 2004, injini 1NZ, haili oili wala haisumbui, tatizo ni miguu ya mbele tu. Nikitoka lami na kuingia ile barabara yetu ya vumbi inaanza kata kata kata kata mbele kushoto, upande wa abiria, kama kopo lenye sarafu linatikiswa, nikirudi lami inanyamaza kimya utadhani hakuna kitu.

Nimeifuatilia kwa makini na nimeona mambo haya. Kelele inakuja nikiwa mwendo mdogo, spidi 15 mpaka 30 hivi. Kwenye rasta, yale mawimbi mawimbi ya barabara ya vumbi, ndo balaa. Tairi la kushoto likiingia shimoni peke yake inagonga mara moja tak, alafu cha kushangaza nikipanda tuta kubwa, lile la upana wote wa barabara, matairi yote mawili yanapanda pamoja na hapo inapita kimya au inagonga kidogo sana. Usukani hauvuti upande wowote, matairi hayajaliwa upande.

Nilienda kwa fundi, akanyanyua upande wa kushoto kwa jeki, akatikisa tairi, akashika linki za stebilaiza akasema hizi ziko fiti zimekaza, tatizo lako ni shokapu, leta shokapu mbili za mbele na maunti zake. Nimeziangalia shokapu na tochi, hazijavuja hata tone, kavu kabisa. Hela ya shokapu mbili nikiitoa alafu kelele ibaki nitaumia sana. Nyumbani nina jeki ya chini ile ya magurudumu, seti ya spana na soketi, na sehemu yenye zege pa kuegesha. Nataka nijue mwenyewe kinachogonga kabla sijanunua kitu. Nianzie wapi wakuu?

dereva_wa_mikoani

Mkuu hiyo ni shokapu, usipoteze muda. Shokapu sio lazima ivuje ndo ujue imekufa, inaweza kuwa kavu nje na ndani imeisha. Bonyeza boneti kwa nguvu upande huo uachie, gari ikinesa zaidi ya mara moja na nusu basi jua imekwisha. Na kama uliiwekea spesa kuinyanyua ndo kabisa, hizi IST wengi wanazinyanyua.

mkazi_wa_goba

Asante mkuu. Nimebonyeza, inarudi mara moja inatulia, kushoto na kulia zinafanana. Spesa haina, iko urefu wake wa kiwandani.

fundi_wa_miguu

Kaka, kwanza hongera maana umeeleza vizuri kuliko wateja wengi, na hayo uliyoyaandika yashatoa nusu ya jibu. Ngoja niandike kwa urefu maana hili swali naulizwa kila wiki na watu wengi wanauziwa shokapu ambazo hazikuwa na kosa, na mimi hili linaniuma kwa kweli.

Angalia hapo kwenye tuta. Stebilaiza ni lile chuma refu linalounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, na linki ndo zile fimbo fupi mbili zinazolishika kila upande, kila linki ina vichwa viwili vya chuma vya duara vinavyozunguka, kimoja juu kimoja chini. Matairi yote mawili yakipanda pamoja, lile chuma linazunguka tu kwenye bushi zake, halipindwi, kwahiyo linki hazibebi mzigo mkubwa. Tairi moja likiingia shimoni lenyewe, hapo chuma kinapindwa, linki inavutwa inasukumwa, na kama kichwa kimeisha ndo unasikia tak. Kwenye vumbi na vijiwe matairi yanacheza kila moja kivyake muda wote, ndo inakua kata kata kata. Shokapu iliyokufa ingegonga na kwenye tuta pia, tena zaidi, na gari ingeyumba. Kwahiyo mtuhumiwa wa kwanza kwangu ni linki, hata kama umeambiwa nzima.

Na kwanini fundi aliona nzima? Kwa sababu alinyanyua upande mmoja. Ukinyanyua tairi moja tu, mguu ule unaning'inia chini wakati mwingine umebeba gari, stebilaiza inapindika, linki inavutwa ikakaza, sasa ukiishika na kuitikisa lazima uione imekaza hata kama kichwa chake kimekwisha kabisa. Hili ni kosa la kila siku mtaani. Linki inapimwa matairi yote mawili yakiwa chini kwenye usawa, au yote mawili yamenyanyuliwa sawasawa. Hapo chuma imelegea na ubovu unaonekana.

Kwahiyo kesho asubuhi gari ikiwa imepoa, ipo chini kwenye zege, kunja usukani kulia mpaka mwisho upate nafasi ya kuingiza mkono nyuma ya tairi la kushoto. Hapa gari haijanyanyuliwa, iko kwenye matairi yake, injini imezimwa, hendbreki juu, na nyuma ya matairi ya nyuma umeweka mawe. Shika ile linki katikati, vidole vikumbate fimbo, itikise kwa nguvu ndani na nje, juu na chini. Nzima haisemi kitu. Iliyokwisha utaisikia tk tk kwenye kiganja kabla hata ya sikio. Alafu mwambie mtu asimame pembeni aitikise bodi kwa kusukuma kwenye paa kulia kushoto, wewe mkono uwe umeshika kichwa cha juu cha linki, kisha cha chini. Ule mgongano unaupata mkononi, huwezi kukosea. Angalia na kimpira cha kufunika kichwa, kikichanika maji na vumbi vishaingia, hata kama leo hakigongi kesho kitagonga.

Kama hujaridhika kuna kipimo cha mwisho na ndo nakipenda mimi. Nyanyua mbele yote, weka stendi pande zote mbili, fungua linki zote mbili uzitoe kabisa, funga matairi, endesha taratibu kwenye ile barabara yako ya vumbi. Kelele ikiisha, umeshaikamata na hujatumia hata shilingi. Ikibaki vilevile, linki zimeshajitetea, unahamia kwingine. Gari bila stebilaiza inalala zaidi kwenye kona, kwahiyo ni mwendo wa polepole mtaani kwako tu, usiende nayo barabara kuu. Na toa zote mbili, usitoe moja ukaacha nyingine inaning'inia, itagonga ikakudanganya.

mama_wawili_arusha

Naongezea kwa alichosema fundi. Mimi ni mwanamke na nafanya mwenyewe nyumbani kwenye gari yangu, naomba sana kaka zangu na dada zangu kwenye suala la jeki msifanye mchezo. Jeki ni ya kunyanyulia tu, sio ya kukaa chini yake. Stendi mbili zinunuliwe, na tofali la saruji lisiwekwe kamwe chini ya gari, lile linapasuka ghafla bila kutoa dalili, na jiwe linateleza. Mkishaweka stendi, isukumeni gari pembeni kwa mkono kabla ya kuingia chini, ikitikisika vibaya ishusheni mpange upya. Tairi mlilofungua mlisukumie chini ya bodi pale karibu na stendi lilale, stendi ikishindwa gari linaangukia tairi sio mtu.

Na kabla hata ya spana, mkuu, pita kwenye vitu vya bure. Fungua boneti utikise betri, kibano chake kikilegea inagonga hivyohivyo kwenye rafu. Angalia ile kava ya plastiki chini ya injini, klipu zikipotea inapiga piga. Angalia bati la kukinga joto kwenye egzozi, ligonge na ngumi egzozi ikiwa baridi. Toa jeki na spana kwenye buti uone. Ni dakika chache lakini watu wanazirukia wanaenda moja kwa moja dukani.

probox_ya_mombasa

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Mimi nina Probox, kazi yake ni mzigo, barabara za huku ndani mwazijua. Yangu ilikuwa ikigonga lakini mlio wake tofauti na wako, ilikuwa ngo! moja nzito nikishika breki na ngo! nyingine nikiondoka. Hiyo haikuwa linki, ilikuwa bushi kubwa ya nyuma kwenye amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika mguu wa tairi kwa chini, imechanika mpira wote. Nakwambia hivi ili ujue kutofautisha: linki hulia mfululizo kwenye vijiwe, bushi ya amu hugonga mara moja gari ikibadili mwendo. Kipimo chake ni rahisi, mwambie mtu akae kwenye usukani aende mbele hatua moja ashike breki, arudi nyuma hatua moja ashike breki, wewe usimame pembeni mbali na njia ya gari, uangalie tairi ndani ya fenda. Likisogea mbele na nyuma, bushi imekwenda.

Na nataka niseme jambo moja ambalo makanika wengi hawalifuati. Ukibadilisha amu au bushi zake, zile bolti za bushi usizikaze mwisho gari ikiwa juu ya stendi miguu inaning'inia. Zishike tu, shusha gari, itikise ikae kimo chake, ndipo uzikaze. Mpira wa ile bushi umeshikana na chuma cha ndani, ukikaza mguu ukining'inia, gari ikishuka mpira unabaki umesokoteka siku zote, unachanika mapema sana kisha mtu asema bushi ilikuwa feki. Bushi nyingi zilizolaumiwa hazikuwa feki hata kidogo.

mkazi_wa_goba

Asanteni sana wote, kweli nimefarijika. Fundi naomba kuuliza, boljointi na tairodi nazipimaje? Na linki yenyewe nikifungua nati huwa naona kichwa chote kinazunguka pamoja na nati, ile nafanyaje?

fundi_wa_miguu

Tairodi ni ile fimbo ya usukani inayogeuza tairi, boljointi ni kile kiungo kinachoshikanisha amu na chuma cha tairi. Hapo ndo unanyanyua. Tairi likiwa hewani, mguu unaning'inia, stendi ipo kwenye bodi sio chini ya amu. Shika tairi ubavuni, mkono mmoja mbele mmoja nyuma, lisukume vute kwa kifupi na kwa haraka. Ukipata mchezo, yani likilegea, mtu mwingine ashike kichwa cha tairodi na vidole, utajua kama ni kichwa cha nje au kile cha ndani kwenye reki ya usukani chenye buti la mpira. Alafu shika tairi juu na chini, fanya hivyohivyo. Mchezo hapo unaweza kuwa beringi au boljointi, wa kuwatenganisha ni mtu akandamize breki: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boljointi. Boljointi ipime tena kwa mtaimbo, uingize kati ya amu na kile chuma kinachoshika tairi, kandamiza taratibu uangalie kama vinaachana. Kwa gari za aina hii springi inakaa kwenye shokapu, kwahiyo mguu ukining'inia boljointi inakua haina mzigo na ubovu wake unaonekana vizuri. Boljointi ikiwa na mchezo gari isiendeshwe hata kwenda dukani, ikichomoka tairi linalala na hapo ni ajali.

Maunti ya juu ya shokapu, fungua boneti, weka kiganja juu ya springi au juu ya maunti, mtu akunje usukani kulia kushoto gari ikiwa chini. Ikiruka ruka au ikilia ngrr, beringi ya maunti imekwisha. Ila narudia na nisomwe vizuri na kila mtu anayepita hapa: ile nati ya katikati juu ya shokapu USIIFUNGUE nyumbani bila vibano vya springi. Springi imekandamizwa pale ndani kwa nguvu kubwa sana, ikiachiwa inaua. Kazi ya kutenganisha springi na shokapu mpeleke mwenye vifaa.

Kuhusu linki kuzunguka, kwenye kichwa cha ile bolti kwa mbele, pale katikati, kuna tundu la pembe sita la aleni ki. Unashika aleni ki hapo isizunguke, alafu unafungua nati kwa spana ya kawaida, sio soketi. Kabla ya hapo isugue nyuzi kwa brashi ya waya, piga oili ya kupenya, iache ilowe wakati unakunywa chai. Kutu na tope likibaki kwenye nyuzi ndo linakula tundu la aleni. Tundu likishaharibika shika kwa praizi ya kujifunga nyuma ya kichwa, na ikishindikana kata kwa msumeno, linki unatupa hata hivyo. Linda mpira wa breki na ule mpira wa ekseli wakati unakata.

Linki mpya nati zake zinakuja zina duara la nailoni ndani, zifunge mpya usirudishe za zamani. Linki za kushoto na kulia kwenye gari nyingi zinafanana lakini linganisha urefu na za zamani kabla hujaondoka dukani. Nunua mbili. Stebilaiza ikiwa imelegea, yani pande zote mbili ziko hewani sawasawa, zinaingia zenyewe kwa mkono bila kulazimisha. Wale wanaofunga upande mmoja kwanza gari imeinama ndo wanapigana na tundu zisizolingana, wanapiga nyundo. Na ukishatoa linki, tikisa ile stebilaiza yenyewe kwa mikono juu chini, bushi zake mbili za katikati zikiwa zimepanuka utaiona inaruka ndani ya kibano chake.

dereva_wa_mikoani

Nimesoma yote fundi, hiyo ya kunyanyua upande mmoja sikuwahi kuelezwa na mtu, nashukuru. Swali langu, yangu nimeiwekea spesa na inagonga tak nikishuka tuta, tairi zikining'inia. Linki mpya, shokapu mpya. Ni nini?

fundi_wa_miguu

Spesa inapandisha bodi, shokapu inabaki urefu uleule lakini inakaa karibu na mwisho wa kunyooka kwake, kutegemea spesa imewekwa wapi. Ukishuka tuta tairi linadondoka, shokapu inafika mwisho, tak. Sio ubovu, ni nafasi imeisha. Angalia na pembe ya linki na ya ekseli, zote zimebadilika, mipira ya ekseli inachoka mapema. Spesa nene kwenye gari dogo mimi huwa nakataa kufunga. Kama barabara yako haina mashimo ya kuhitaji hiyo, itoe au weka nyembamba zaidi.

mkazi_wa_goba

Wakuu narudi na mrejesho. Vitu vya bure alivyosema dada wa Arusha nilipitia vyote, betri imekaza, kava imekaza, bati la egzozi zima. Nikashika linki gari ikiwa chini, mke wangu akisukuma paa. Ya kulia kimya. Ya kushoto kichwa cha juu kinagonga mpaka kwenye kiganja, tk tk tk kila paa likienda, na kimpira chake kimechanika kwa nyuma pale pasipoonekana mpaka uingize kidole. Yani fundi umeniambia nikiwa Goba wewe ukiwa hata sijui wapi na ni kitu kilekile.

Nikafanya na kile kipimo cha mwisho. Linki zote mbili nje, nikaenda barabara ya vumbi polepole. Ile kata kata nzito imekufa kabisa. Ila sasa, baada ya ile kubwa kuondoka, nikasikia nyingine ndogo ilikua imejificha chini yake, nyembamba, chi chi chi chi, hiyohiyo kushoto. Linki mpya nimeshafunga, kubwa haijarudi, hii ndogo ipo. Tairodi na boljointi nimepima kwa mtaimbo hazina mchezo. Hii ni nini sasa?

mama_wawili_arusha

Kaka, rudi kwenye barabara yako ya vumbi, ikianza hiyo chi chi chi weka mguu kwenye breki kidogo tu, kugusa, usisimamishe gari. Ikinyamaza mguu ukigusa na ikirudi ukiachia, ni breki pedi zinacheza kwenye nyumba yake. Uliwahi kubadilishiwa pedi karibuni?

mkazi_wa_goba

Dada nimetoka kujaribu sasa hivi. Nikigusa breki inakatika palepale, nikiachia inarudi. Pedi nilibadilishiwa mbele kabla ya haya yote kuanza, gereji tofauti na ya yule fundi.

mama_wawili_arusha

Basi ndo hapo. Ukifungua tairi, fungua bolti ya chini ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, inyanyue juu na uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa ule mpira wa breki na mtu asikanyage breki wakati huo. Utaona pedi mbili zimekaa kwenye nyumba. Pale zinapokaa, juu na chini, panatakiwa kuwa na vibati vyembamba vya chuma vilivyokunjwa, hivyo ndo vinaibana pedi isicheze na kuifanya iteleze laini. Mafundi wenye haraka wanavitupa na pedi za zamani, au wanavirudisha vimeshapinda. Ishike pedi kwa vidole uitikise, ikicheza juu chini na kulia chi chi ni hivyo. Vinauzwa peke yake kama seti, na seti nyingi nzuri za pedi zinakuja navyo ndani ya boksi.

Kabla ya kuvipachika sugua ile sehemu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kutu ikibaki chini yake pedi zitabana sana na breki itashika muda wote, ringi itapata moto. Na ukiwa hapo toa zile pini mbili ambazo kalipa inatelezea, futa grisi ya zamani, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi usiipake hapo hata kidogo, inavimbisha mipira yake na pini inaganda. Pini ikikauka na kulegea nayo inagonga. Mikono yenye grisi isiguse uso wa pedi wala diski. Ukimaliza, kabla hujaondoa gari, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu.

probox_ya_mombasa

Dada amesema kweli tupu. Nami niongeze, nati za tairi usizikaze gari ikiwa hewani tu ukaridhika, zishike kwa kupishanisha kama nyota, shusha gari, ndipo uzikaze mwisho. Toyota hizi ndogo nati ni spana 21 na kipimo chake Nm 103, mwenye spana ya toki aitumie. Ukiendesha mwendo mfupi kisha uzihakikishe tena. Tairi lililolegea nalo hugonga, na hilo ni la hatari kuliko yote tuliyoyazungumza.

mkazi_wa_goba

Wakuu imekwisha. Kushoto vibati vya chini vilikua havipo kabisa, pande zote mbili za nyumba, cha juu kimoja kimepinda. Pini moja kavu kabisa ina kutu. Nimeweka seti nzima kushoto na kulia, nimepaka silikoni, nimepita barabara ya vumbi madirisha yamefungwa na redio imezimwa, sasa nasikia vijiwe vikiruka chini ya gari tu. Shokapu ni zilezile. Mungu awabariki sana.

Swali la mwisho kwa fundi, je niende kupima alaimenti baada ya kazi hii?

fundi_wa_miguu

Hapana kaka, linki na breki hazigusi pembe za tairi, usitoe hela yako bure. Alaimenti unaenda ukibadilisha kichwa cha tairodi cha nje au cha ndani, au amu, au ukifungua bolti mbili zinazoshika shokapu na ile chuma ya tairi. Na ukibadilisha tairodi, kabla ya kufungua kile cha zamani hesabu nyuzi zinazoonekana au piga alama ya rangi kwenye nati ya kufungia, ukifunga kipya rudisha palepale, inakufikisha salama mpaka kwenye mashine. Zile linki zipapase tena ukishatembea nazo wiki moja, kama nati imelegea ikaze, basi.